Ripoti ya Fizi za Burat

Mbae, afisa wa afya, alikuwa amefanya kazi Isiolo miaka minne, na usiku na mchana aliomba kitu kimoja: uhamisho wa kurudi Meru kwa mkewe Gakii. Basi mwaka wa 1979, mkubwa wake alipomletea katoni ya mafuta ya karafuu na mnanaa, matone mawili kwenye maji ya kusukutua ili ukoga utoke menoni na fizi zipone, moyo ulimruka. Mradi ukifaulu, nani atamnyima Meru?

Aliwagawia chupa kina mama thelathini wa kijiji cha Burat. Akawaonyesha kusukutua, akatema, akasukutua tena, mpaka shati likamlowa. Kuwatazama vinywa kabla ya kuanza hakukumjia akilini. Yeye alikuja kufunza, si kujifunza.

Baada ya miezi mitatu akarudi. Alipochungulia vinywani, nusura apige vigelegele: fizi imara, meno meupe, damu hata tone.

"Mama Mumina, mafuta yamefanya kazi!" akamwambia msemaji wao.

"Sana, daktari. Kwani husikii harufu?"

Kweli, uwanja mzima ulinukia karafuu.

"Tulichanganya na samli, tukapaka nywele," Mumina akasema. "Siku hizi wazee wanarudi nyumbani mapema. Tuletee ingine."

"Na mdomo je?"

"Mdomo iko na mswaki yake." Akachomoa kijiti kwenye leso. "Hii tunatumia tangu utoto. Wewe hukuuliza."

Mbae aliona haya, haya ya kweli, iliyodumu mpaka alipofika ofisini. Hapo akaandika: "Mafuta yamepokelewa kwa furaha na kutumiwa kila siku. Fizi ni nzima." Hakuna neno la uongo hapo, mradi msomaji asiwe mdadisi.

Jibu lilikuja upesi ajabu. Mkubwa alimpongeza kwa ufanisi usio na mfano. Mradi ungepanuliwa, na kwa kuwa hakuna mwingine mwenye ujuzi huo, Bwana Mbae angehamia Sericho kwa miaka mitatu, pamoja na katoni kumi.

Sericho! Huko ni mbali zaidi na Meru, na hata maji ya kusukutua ni ya kutafutwa.

Angeweza kujiokoa kwa kusema kweli tu, yaani kukiri kwamba hakuuliza. Alikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha akaandika kwamba ameshukuru sana, akaenda kuuliza lori la Sericho linaondoka siku gani.