Tope Chini ya Mpini

Bastola iling'aa, na Johari alipoiona ikitolewa kwenye kanga akamgeukia mama mkwe wake.

Mumewe Mtoro aliiokota matopeni huko Salale akikata mikoko, si mbali na pale wazee wanaposema meli ya vita ya Mjerumani ilizama zamani. Akaja nayo nyumbani, kipande cha kutu tupu, akawasimulia wenzake. Habari ikamtangulia. Alipofika Kibiti kuuza kamba aliowavua, akakamatwa. Tangu ile miaka watu walipokuwa wakiuawa kwa risasi, hapa hakuna anayefanya mzaha na bastola. Bastola yenyewe ilibaki nyumbani Salale, familia ikaamriwa iilete.

Sasa ilikuwa mezani kwa Afande Kudra, kituo cha polisi, mbele ya Mzee Abdulrazaq, fundi silaha mstaafu wa jeshi, aliyeitwa kutoka Mtawanya kuamua jambo moja: ni ya kale kweli, au ni ya juzi? Ikiwa ya kale, Mtoro angerudi nyumbani. Ikiwa ya juzi, Johari hakutaka kuwaza zaidi.

"Nani ameiosha?" Mzee aliuliza.

"Mimi," akajibu Mwanahawa, mama yake Mtoro. "Majivu na kumbi la nazi, kisha mafuta ya papa. Kwetu hatumpelekei mkubwa kitu kina matope."

"Bi mkubwa, kutu ndiyo umri wake. Umemnyoa ndevu, nitajuaje kama ni mzee?"

Afande hakucheka. "Mimi naona silaha safi, imetiwa mafuta. Mtu hutia mafuta silaha anayoitumia."

Upande wa pili wa ukuta, mahabusu, mtu alikohoa. Johari alikijua kikohozi kile.

Mzee aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi yalikuwa yamesuguliwa. Ubavuni zilisalia tarakimu mbili za mwisho za namba yake: ishirini na saba.

"Namba mtu yeyote anaweza kugonga," alisema Afande.

"Anaweza. Lakini bastola hizi mpini wake una mbao mbili, na kila ubao ulipigwa namba kwa ndani. Zikilingana na chuma, ni ya asili, ya kale. Zisipolingana, imeungwaungwa."

Skrubu iligoma. Bisibisi ikateleza, ikachana meza, na Johari akajikuta anasoma Ayatul Kursiyyu bila sauti. Ubao ukaachia. Ndani mlikuwa na tope la kijivu, gumu, limeshikwa na vijizizi vyembamba kama nywele. Humo kumbi halikufika.

Mbili ilionekana. Tarakimu iliyofuata ilikuwa imefunikwa na tope.

"Tena uchafu, aibu gani hii," akasema Mwanahawa, akalowesha pindo la kanga kwa mate na kunyoosha mkono.

Johari akaudaka, akaushikilia. "Mama, liache. Hilo tope la miaka ndilo linalomsemea Mtoro."

Mzee alilichokonoa kwa njiti ya kiberiti, punje kwa punje. Kichwa cha saba kikatokea, kisha mguu wake.

"Fungua wa pili," alisema Afande.

Wa pili ulichukua muda mrefu zaidi. Mbili, kisha saba tena.

Afande aliitazama bastola, akamtazama mzee, kisha akaita mlangoni: "Mleteni, arudi kwake."

Mtoro aliingia bila viatu. Alipoiona bastola mezani akarudi nyuma hadi akagonga ukuta.

"Mwanangu Johari," Mwanahawa alinong'ona, "niachie mkono, utanivunja."

Johari alijaribu. Vidole havikufunguka.