Usingizi wa Saa Nne

Saa tatu na nusu asubuhi, katikati ya hesabu za kutoa, nywele za Kidoti zilianza kulowa. Maji yalimchuruzika shingoni yakaingia kwenye kola ya sare, na darasa zima likanukia sabuni ya watoto. Mwenzake wa dawati moja alisogeza daftari lisilowe. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni. Ilipofika saa nne, Kidoti alipiga mwayo, akalaza kichwa juu ya mikono, akalala fofofo mpaka kengele ya kurudi nyumbani.

Mama yake alikuwa ng'ambo, akilea mtoto wa watu. Kule, saa nne yetu ya asubuhi ni usiku umeshaingia. Mama humwogesha mtoto wa kule, humfuta, humwimbia, na mtoto hulala. Huku Kidoti alipata masalio: maji, harufu ya sabuni, usingizi. Chakula ndicho kilichokataa kufika. Mtoto wa kule akishiba, Kidoti alicheua, mara nyingine kwa ladha ya siagi, lakini tumbo lilibaki tupu vilevile. Bibi yake, muuza mkaa, alimpa dawa ya minyoo, kisha akaacha. Minyoo ilikuwa haina kosa.

Taabu ilikuwa usiku. Kidoti alilala chali, macho makavu, akimsikiliza bibi akikoroma. Kila Jumapili, mama alipopiga simu, Kidoti alishtaki.

"Mama, bibi akiniimbia silali."

"Vumilia, mwanangu. Nikija likizo nitakulaza mwenyewe, kwa mkono wangu."

Ahadi hiyo Kidoti aliitunza tangu chekechea. Alipong'oka jino hakulia, na alipopigwa na wenzake hakulia pia, kwa sababu mama angekuja kumlaza.

Mwalimu alimwita bibi shuleni.

"Bibi, huyu mtoto halali nyumbani?"

"Halali, mwanangu. Analala kwako."

"Basi atarudia darasa."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Na akarudia," mwalimu akasema. Hakusema kwa ubaya. Darasa lilijaa hadi dirishani, na mtoto anayelala angalau hapigi kelele.

Akaja pia mtafiti, kijana mpole mwenye viatu safi, aliyekuwa akipima pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho duniani. Aliuliza kama mtoto anaoga maji ya moto. Bibi akajibu ndiyo, kila siku, shuleni. Akauliza kama anapata usingizi wa kutosha. Ndiyo, mchana. Kijana akatazama bati jipya na sakafu ya saruji, akafurahi kwa dhati.

"Bibi, pengo linapungua."

"Mungu akubariki, baba," bibi akajibu, akamuuzia kopo la mkaa asilolihitaji.

Hatimaye mama akaja, kwa likizo ya mwezi mmoja. Kidoti alimshika mkono, akaunusa, akaijua ile sabuni. Jioni hiyo mama alichemsha maji mwenyewe, akamwogesha kwenye beseni, akampaka mafuta, akamlaza, akaimba. Aliimba mpaka sauti ikakauka. Kidoti alikuwa akimtazama tu.

"Funga macho, mama'ngu."

"Nimefunga. Yanafunguka yenyewe."

Asubuhi wakala aliyempeleka mama ng'ambo akapiga simu.

"Dada, jana umemwimbia nani?"

"Mwanangu."

"Huko kulikuwa asubuhi. Mtoto wa watu akalala kifudifudi kwenye uji wake. Wamempeleka hospitali. Bosi wako amechanganyikiwa."

"Na wangu je? Analala darasani tangu niondoke."

"Pole, dada. Lakini wako hayumo kwenye mkataba."

Jioni ya pili mama aliimba kwa kunong'ona. Ya tatu aliimba bila sauti, kwa midomo peke yake. Kule mtoto alisinzia kwenye gari la shule, na kesho yake akasinzia akiwa amesimama. Huku Kidoti alikesha, macho yamekuwa mekundu. Asubuhi iliyofuata, kabla chai haijachemka, tiketi ya kumrudisha mama ikaingia kwenye simu. Kwa mtoto wa kule, asubuhi chache za kusinzia zilitosha mama aitwe. Inauma kusema, lakini wakala hakuwa mtu mbaya. Hata teksi ya kwenda uwanjani aliilipia yeye.

Jioni ya mwisho mama alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuimba.

"Nikiwaambia siendi?" alimuuliza bibi.

Bibi alikuwa akikunja nguo za mama na kuzipanga kwenye begi, moja moja, kama za mtoto mchanga. "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu," akasema, akaendelea kukunja.

Mama akamgeukia Kidoti.

"Ukisema nibaki, nabaki."

Alikuwa anamaanisha, na alikuwa anaogopa. Kidoti alimshika kidole kimoja. Kope zilikuwa zimemvimba.

"Nenda tu, mama," akasema. "Nina usingizi."

Mama akaondoka alfajiri. Siku mbili baadaye, darasa lilikuwa limeingia hesabu za kuzidisha, nywele za Kidoti zikaanza kulowa. Mwenzake akasogeza daftari. Saa nne Kidoti alilaza kichwa juu ya mikono, akalala papo hapo, mdomo wazi. Mwalimu alishusha sauti kidogo, akafuta ubao, akaendelea kufundisha.