Wi-Fi ya Jina la Rigobert

Sauti ya mama ilikuwa bado imekwama ndani ya simu. Abigaël aligundua hivyo mchana, alipoichukua ili amsalimu kaka yake mkubwa, Ephraïm. Kando ya ujumbe wa asubuhi kulikuwa na alama ndogo ya saa, ile inayoonyesha kwamba ujumbe haujaondoka.

— Mama, audio yako ya Yaya Ephraïm haikuenda.

Mama Annie aliacha kuchekecha unga.

— Haikuenda namna gani? Si Wi-Fi iko mupya?

Ephraïm alikuwa upande wa Kinsevere, akichimba shaba na wenzake katika mashimo yao ya mkono. Alikuwa ameshika desturi ya marehemu baba yao, Rigobert, ambaye alishuka mgodini maisha yake yote. Kila alfajiri baba alikuwa akisimama kidogo mlangoni. Mama akiwa ameota vibaya, alisema "Bakia", na baba akavua viatu. Mama akinyamaza, baba alikwenda. Neno "enda" halikutamkwa kamwe katika nyumba ile, kwa kuwa mtu anayeshuka shimoni hasukumwi. Siku hizi Ephraïm alisimama mlangoni kwa njia ya WhatsApp: alituma sauti, akangoja, na kimya cha mama kikawa ruhusa.

Usiku uliopita mama alimwota Ephraïm akinawa mikono kwa udongo. Alipoamka tu alirekodi neno moja: "Bakia." Huko aliko, simu ya kawaida haishiki. Kuna tu Wi-Fi ya depo, pale wanapouza shaba.

Abigaël alipiga magoti mbele ya ruta mpya, ambayo fundi Israël aliifunga jana sebuleni baada ya wao kubadilisha kampuni. Aliizima, akaiwasha. Taa zote zilikuwa sawa. Lakini simu ilirudia maneno yale yale: *Rigobert. Imeunganishwa, hakuna intaneti.*

Baba mwenyewe ndiye aliyeipa Wi-Fi ya nyumbani jina hilo, miaka ya nyuma. Jana Israël alipouliza aandike jina gani na nywila gani, mama alijibu bila kufikiri:

— Jina ni ile ile. Na mot de passe ile ile. Hatuwezi kumuzika mara mbili.

Jirani yao, Mama Chola, alichungulia mlangoni, beseni la karanga kichwani.

— Abi! Weye ulisoma ku université, na kile kisanduku kinakutesa? Mulibadilisha abonnement, mukabadilisha na mateso!

Alicheka peke yake. Kisha akatazama nyuma, juu ya mapaa.

— Anueni manguo. Ku Kinsevere kule kumeisha kuwa nyeusi.

Abigaël alijua: mvua hubomoa mashimo ya mkono. Alisogeza simu karibu kabisa na ruta mpya, na nguvu ya mtandao ikapungua. Alirudi nyuma, kuelekea chumba cha mama, ikaongezeka. Akaifuata hivyo, macho kwenye simu, mpaka akasimama mbele ya picha ya baba.

Chini ya picha, kati ya rozari na mshumaa uliokwisha, ruta ya zamani ilikuwa inawaka kijani. Kampuni ya kwanza ilikuwa imekwisha kuikata, lakini mama hakuwahi kuizima tangu matanga. Hata umeme ukikatika, betri ndogo iliishikilia. Visanduku viwili, jina moja. Simu ilikuwa imeng'ang'ania kile cha zamani, kisichofika popote.

— Mama, ni hii inashika simu. Tuizime.

— Ile ni taa yake.

— Mama. Yaya anangojea.

Mama aligeukia ukuta.

— Fanya.

Abigaël alichomoa waya. Taa ikaendelea kuwaka. Akachomoa na betri, na rangi ya kijani ikafifia polepole, kama inayositasita, halafu picha ikabaki gizani.

Simu ilitetemeka mkononi mwake. "Bakia" ya mama iliondoka. Alama moja ikatokea. Kisha sauti za Ephraïm zikaingia zikifuatana.

"Mama, jambo. Patron anasema tutoshe mifuko mu shimo mbele ya mvula kufika. Uliota namna gani?"

"Mama, uko pale? Benzangu banaisha kuvaa."

Ya mwisho ilikuwa na upepo ndani yake.

"Bon, mama. Umenyamaza. Asante. Nashuka."

Mvua ilifika juu ya mabati ya mtaa wao wa Kamalondo kwa kishindo.

— Amesikia? — mama aliuliza.

Abigaël alikazia macho ujumbe. Alikuwa anangoja alama ya pili, ile inayoonyesha kwamba ujumbe umefika.

Mama alikwenda kusimama mlangoni, pale pale baba alipokuwa akisimama, mvua ikimrukia miguuni.

— Bakia, — alisema. Kisha akalisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu ya mvua.