Boya Uani

Asubuhi ya pili baada ya mwamba wa baharini kufungwa ili pweza wakue, mama mmoja mvuvi wa pweza alikuta boya la mpaka limekaa uani kwake, kati ya pipa la maji na kamba ya nguo. Chumba cha mama mkwe, aliyekuwa kitandani kwa mwezi wa pili sasa kwa kikohozi, kilikuwa upande uliofungwa.

Afisa uvuvi alikuja, akapima, akasema mpaka ni mpaka.

"Nataka kumpeleka hospitali," mama alimwambia.

"Miezi mitatu hapaingiwi wala hapatolewi kitu, dada. Si ulinyoosha mkono mkutanoni?"

Kweli alinyoosha. Pweza wakiachwa hukua, hilo hakuwa na ubishi nalo.

Mama mkwe naye alikua. Wiki ya tatu kikohozi kilikwisha, ya sita yakaota meno mawili. Ya kumi na tatu nywele zilikuwa nyeusi tii, na ulimi umerudi mahali pake.

"Chai hii umeikoroga, mwanangu, au umeitazama tu?" aliuliza, akipokea kikombe kizingitini.

Mkwewe alicheka, kisha hofu ikamshika. Mwaka jana wanawake walingoja filimbi ya kufungua mwamba ufukweni na vijiti vyao vya kuvulia, kama walivyoambiwa. Boti ya tajiri mmoja ikapitia upande wa pili kabla ya filimbi, wao wakakuta mashimo matupu. Na juzi mabaharia wa boti hiyo walipita uani mara mbili, wakimsifu bibi alivyonawiri.

"Nitoe leo," mama mkwe alisema.

"Watanifutia leseni, mama. Zimebaki siku nne."

"Subira huvuta heri, eh? Haya."

Siku ya kufungua mvuvi alikaa kizingitini tangu alfajiri, viatu vya mama mkwe mapajani. Filimbi ililia saa moja kamili. Akaingia. Kitanda kilikuwa kitupu, bado kina joto. Dirisha la upande wa bahari lilikuwa wazi, na sakafu imelowa maji ya chumvi.

Alimkuta afisa kwenye mizani ya pweza, anaandika.

"Walipita kabla ya filimbi," alimwambia.

"Nani aliwaona?" Afisa hakuinua kichwa. "Msimu mzuri, dada. Kufunga kunasaidia."

Jioni mkutano uliamua mwamba ufungwe tena, safari hii miezi minne. Aliogopa, lakini mkono aliunyoosha. Aliporudi, boya lilikuwa limesogea hadi chini ya dirisha la binti yake wa miaka sita.

Alivipanga viatu chini ya kitanda, akaenda kwa jirani kuazima nyundo na misumari ya dirisha.