Fungueni Midomo

Siku mama mkwe wangu aliponusa titi langu ndiyo siku niliyojua kwamba sisi wawili hatutakaa nyumba moja tukamaliza salama. Alikuja kumwogesha mjukuu, akasema wiki mbili tu, na sasa mjukuu alikuwa ameshakaza shingo. Nilikuwa nimekaa kitandani, blauzi wazi, Kibonge wangu ameshiba na kulala. Akainama, akavuta pumzi, akasema, "Hapana. Hapa pana kitu."

"Pana jasho, mama," nikamjibu. "Nimesimama saluni tangu asubuhi."

"Jasho nalijua. Hili si jasho."

Kisa chenyewe kilikuwa mdomo wa mtoto. Ndani ya mashavu yake, kulia na kushoto, kulikuwa na utando mweupe, mnene, wenye mikunjo. Zahanati walisema ni fangasi, watoto wengi hupata, wakatupa dawa ya matone. Matone yakaisha. Wakatupa ya zambarau, mtoto akawa kama kanywa wino, na zambarau ilipofifia utando ulikuwa palepale, mweupe pe. Kibonge mwenyewe hana habari. Ananyonya, anajamba, analala. Asiyelala ni bibi yake. Kila asubuhi alijiviringisha kitambaa kidoleni, akakichovya kwenye maji ya chumvi, akamsugua mtoto ndani ya mashavu mpaka sauti inamkauka kwa kulia. Siku moja kitambaa kikatoka na damu.

"Mama, inatosha!" Nikampokonya mtoto.

"Inatosha nini, na uchafu haujatoka? Ungekuwa unaosha hayo matiti, mimi ningekuwa nasugua?"

Mimi! Mimi ninayeosha vichwa vya watu nipate riziki, mikono inanukia shampuu mpaka kwenye chai! Na aliyasema hayo mlango wa saluni ukiwa wazi, maana saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, na wateja wawili wako chini ya draya wanajifanya hawasikii. Mtu aliye chini ya draya husikia kila kitu, niamini mimi.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Anaweza kubishana na friji bovu kutwa nzima na akalishinda, lakini mbele ya mama yake anakuwa maji. Nikimtazama anitetee, yeye anatazama dari. "Mama ana nia njema," ananiambia tukibaki wawili. Nikamwambia nia njema hiyo akaigandishe.

Basi Jumapili mama mkwe akarudi kutoka dukani na kopo la maziwa ya unga na chupa mpya. Akaviweka mezani, akatangaza kwamba kuanzia kesho mtoto hanyonyi. Nikangoja mume wangu aseme kitu. Akasema, "Tujaribu wiki moja tu, mke wangu."

Niliona giza. Nisiwafiche: kunyonyesha ndicho kitu pekee ambacho sikufundishwa na mtu na nilikiweza tangu siku ya kwanza. Kumwogesha nilikosolewa, kumbeba nilikosolewa, hata jina la Kibonge nilikosolewa. Lakini akishika titi, akanitazama kwa jicho moja, kidole kinacheza na kifungo cha blauzi, hapo hakuna mama mkwe duniani. Ni mimi na yeye. Sasa walitaka kuninyang'anya hata hapo.

"Hanyonyi mtoto wa nani?" nikauliza. "Twende hospitali kubwa, kwa daktari wa kinywa. Akisema ni ziwa langu, namwachisha hukohuko. Akisema si langu, mama, kidole chako hakiingii tena mdomoni mwa mwanangu."

"Haya," akasema mama mkwe. "Twende tukaumbuane."

Tulikwenda wote. Hata baba mkwe, aliyefika asubuhi ile kumfuata mkewe. ("Nimechoka kula mayai," ndiyo ilikuwa salamu yake.) Akajibana nasi kwenye benchi. Mzee yule maneno yake ni ya kuhesabika. Aliwahi kushinda kwangu siku nzima akasema "asante" na "mvua", basi.

Daktari alikuwa binti mdogo aliyevaa raba. "Ndiye huyu?" mama mkwe akaninong'oneza, kwa mnong'ono uliosikika hadi korido. Binti akajifanya hakusikia. Akamfungua Kibonge mdomo kwa kijiti, akamulika tochi, akavuta shavu, akakwangua kidogo juujuu.

"Ananyonya vizuri?"

"Ananyonya mpaka anasahau kupumua."

Akaenda chumba cha pili kutazama kwa darubini. Sisi tukabaki tunatazamana kama watu waliofumaniwa. Aliporudi alisema, "Si fangasi. Wala si uchafu."

Nikapumua. Mapema mno.

"Kuna kitu kinaitwa keratini," akaendelea.

Keratini! Hiyo nina chupa yake kubwa saluni, nawapaka wateja nywele zinyooke. Kabla sijafumbua mdomo, mama mkwe kasharuka kitini. "Si nilisema? Si nilisema mimi! Madawa yake ya saluni hayo! Anashika keratini, halafu anashika titi!" Na mume wangu, Mungu amsamehe, akanigeukia na uso wa "kumbe!"

Nikaanza kukumbuka kila siku niliyomwacha mteja kichwa kimelowa nikakimbilia kilio cha mtoto. Nilinawa? Nilinawa vizuri? Nikavinusa vidole vyangu.

"Mama, kaa chini," daktari akasema. "Keratini ziko nyingi, ni ukoo mzima. Ya nywele nyingine, ya kucha nyingine. Ninayosema mimi ni ya ndani ya mashavu, na mwili huitengeneza wenyewe. Ni nyuzi ndogo zinazoishikilia ngozi ya mle ndani. Kwa huyu mtoto nyuzi hizo zina kasoro kidogo tangu tumboni. Ngozi inarundikana badala ya kubanduka, inalowa mate, inakuwa nyeupe, kama vidole vyako ukifua nguo nyingi. Haimdhuru, haiambukizi, na haihitaji dawa. Haiji kwa mkono wa mtu. Inarithiwa."

"Kwa nani?" nikauliza, roho ikianza kurudi mahali pake.

"Kwa kawaida kwa mzazi mmoja, naye kaipata kwa wake. Fungueni midomo."

Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilifungua mpaka taya likalia. "Safi kabisa," akasema daktari. Nikamgeukia mume wangu. Mume wangu alikuwa anatazama dari.

"Baba Kibonge. Mdomo."

Akamtazama mama yake. Jitu zima na ndevu zake linangoja ruhusa ya kufungua mdomo! Halafu akaufungua, tochi ikaingia, na mashavu yake ndani yalikuwa meupe kama ya mwanawe, mikunjo ileile. Nimelala na mdomo ule miaka minne. Nimeubusu. Lakini mtu humbusu mumewe, hamkagui.

"Ulijua?"

"Mama alisema ni siri yetu," akajibu, kwa sauti ya mtoto wa chekechea.

"Ukaniacha nitukanwe matiti yangu muda wote huu? Mwanamume wewe!" Ningemrushia kiatu, ila nilikuwa nimevaa vya kamba.

"Na wewe, mama?" daktari akamwambia mama mkwe, taratibu.

Mama mkwe alikuwa ameibana midomo mpaka imepotea. Nyani haoni kundule, nikawaza, na leo tutamwonyesha. Nilifurahi, sikatai. Nilisogeza kiti ili nisipitwe.

"Siwezi," akasema kupitia meno. "Mume wangu yupo hapa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu nimjue mwanamke huyu hucheka amefumba mdomo, kicheko kinatokea puani, nami siku zote nilidhani ni maringo. Kumbe alikuwa anamficha mumewe. Umri wote huo wa ndoa, watoto watatu, anaficha mashavu!

Baba mkwe akakohoa. "Fungua tu, mke wangu. Nimeuona tangu wiki tuliyooana. Unakoroma mdomo wazi."

Daktari aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mimi nilicheka sina mbavu, mpaka Kibonge akashtuka.

"Ulijua?" mama mkwe akamuuliza mumewe. "Na hukusema?"

"Niseme nini? Mdomo ni wako."

Nilidhani atamrukia. Hakumrukia, wala hakucheka. Aligeuza kiti kumwelekea daktari, akasahau kabisa kuubana mdomo wake, nikauona weupe mle ndani wakati anauliza, "Hii haitoki kwenye maziwa?"

"Haitoki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Anyonye, asinyonye, ingekuwa vilevile."

Akamnyooshea mwanawe kidole. "Huyu nilimwachisha akiwa na mwezi mmoja. Nilipoona mashavu yake nikajua ni yangu, nikasema yamepita kwenye maziwa. Nikajifunga kifua kwa shuka. Yalitoka tu, yakalowesha shuka, naye analia chumba cha pili, nimeziba masikio. Wenzake wawili waliofuata sikuwapa hata tone, na midomo yao ikawa safi. Basi nikajua ni maziwa."

"Ilikuwa bahati tu," akasema daktari. "Kila mtoto ni kama kurusha sarafu."

"Kwa hiyo na hao wawili..." Hakumaliza.

"Na kuniita mimi mchafu, mama?" nikauliza. Lazima ningeuliza.

"Ningesema nini? Niseme ni mimi?" Alikuwa ananitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aje. "Nilitaka huyu apone. Nilidhani akiachishwa mapema weupe utamtoka." Kisha akamrudia daktari. "Maziwa yangu yalikuwa mazuri?"

"Yalikuwa mazuri, mama."

Nilikuwa na hotuba yangu ya ushindi, nimeipika njia nzima, ina pilipili. Ikapoa kabla sijaipakua. Msinielewe vibaya, hasira ilikuwepo na ipo. Ile damu ya kwenye kitambaa sijaisamehe mpaka leo. Lakini Kibonge alianza kunusanusa blauzi na kulalamika, na mtoto akitaka chake hangoji wakubwa wapatane. Nikafungua vifungo palepale mbele ya wote. Baba mkwe akageukia dirishani. Mama mkwe akavuta kiti chake, akakaa begani kwangu kabisa, akamtazama mjukuu anavyomeza, funda kwa funda, machozi yanamtiririka naye hayafuti. Titi lilipokwisha, Kibonge akaliachia na kuanza kulia.

"Mpe la pili," akasema. "Bado ana njaa huyo."