Pouce Ngapi?

Nilipeleka jeep yetu Mabanga, kwa fundi Rodrigue, aipandishe kwa resori ndefu, zile springi za chini ya gari. Nilitaka watoto na bibi yao tufike Masisi, tulale katika hema karibu na kaburi la marehemu muke wangu.

"Papa, tuipandishe pouce ngapi? Mbili ama ine?" Rodrigue aliniuliza.

"Mimi pouce ninayoijua si inchi zenu za mafundi, ni kidole gumba, hiki," nikamuonyesha. "Nilikichovya katika wino siku ya kuchagua, wakubwa wakaahidi barabara. Wino ulidumu wiki mbili. Ahadi haikufika jioni."

Rodrigue alicheka. "Basi kwa mashimo yao, weka ine."

Lakini bibi ya watoto, mama mukwe Nyiramahirwe, magoti yake yamechoka. Kwa pouce ine hatapanda, na mimi mukwe wake siwezi kumushika nimunyanyue. Kwetu ni aibu kubwa. Kwa mbili, tutakwama njiani.

Mama mukwe, aliyekuja nami kwa fundi, alikohoa pale kwenye benchi, akanigeukia.

"Papa Chance, weka ine. Ngazi utanitengenezea wewe mwenyewe. Tukingojea wakubwa watengeneze barabara, mutanikuta nimeisha kulala pembeni ya binti yangu, bila hema."