Kijiko Chenye Nanga

Desmond alipangusa mgongo wa kijiko kwa kitambaa laini, akakisogeza chini ya taa, akaweka lenzi jichoni. Upande mmoja wa meza alikaa mkewe, Gwenda. Upande wa pili alikaa shemeji yake Marlene, dada mkubwa wa Gwenda, koti bado mwilini.

Kilikuwa kijiko kidogo cha kulishia mtoto. Walikikuta wakipanga vitu vya marehemu mama yao, na tangu siku hiyo kila mmoja alidai kilinunuliwa kwa ubatizo wake. Marlene alikitaka kwa kuwa yeye ndiye kifungua mimba. Gwenda alikuwa na sababu aliyomwambia mumewe tu. Alizaliwa miezi kumi na nusu baada ya dada yake, na kila alichovaa utotoni kilikuwa kimeshavaliwa na Marlene.

"Nataka kujua kama kuna kitu hata kimoja walichoninunulia mimi," alimwambia.

Desmond alikuwa amesambaza barua mjini Birmingham miaka thelathini. Kusoma alama za vyombo vya fedha alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima.

"Nanga," alisema. "Kimepimwa na ofisi ya kukagua fedha, hapa hapa mjini. Na simba huyu anayetembea maana yake ni fedha halisi."

"Simba hata mimi namwona, shemeji. Taja mwaka!"

Mwaka ulikuwa kwenye herufi moja ndogo, kwani kila mwaka ulipewa herufi yake. Desmond alifungua kitabu, akateremsha kidole taratibu. "Hamsini na moja."

Marlene, mzaliwa wa Agosti mwaka huo, alipiga meza. "Si nilisema! Wewe Gwenda mwaka huo hukuwa hata fununu."

Gwenda alicheka kidogo, akaanza kukusanya sahani ambazo hazikuwa chafu.

"Ngojeni," alisema Desmond. "Kitabu kimefupisha. Enzi zile hapa walibadilisha herufi mwezi wa Julai, si Januari. Hii ilitumika mpaka mwisho wa Juni, hamsini na mbili."

Gwenda alizaliwa Juni hiyo hiyo. Akaziweka sahani chini.

"Kwa hiyo ni cha nani?" aliuliza Marlene.

"Bado sijajua."

"Shemeji, wewe hata ukiulizwa jina lako utaomba wiki mbili za uchunguzi."

"Tatu," alisema Gwenda.

Ilibaki alama ya sonara, herufi mbili ndani ya ngao. Kila sonara hulazimika kuandikisha alama yake kwenye ofisi hiyo ya ukaguzi kabla ya kuitumia, lakini hii haikuwemo katika vitabu vya Desmond. Akaiandikia ofisi barua. Siku zote za kungoja alijiuliza kama asingalifanya vyema kumwambia mkewe uongo mdogo, wakapumzika.

Jibu lilifika Alhamisi. Marlene alikuja na bakuli la pudini ya mchele, na Desmond akasoma akiwa amesimama.

"Sonara huyu aliandikisha alama yake tarehe nne Machi, hamsini na mbili."

Marlene alihesabu kwa vidole. "Machi mimi nilikuwa nimeshabatizwa zamani. Nilikuwa natafuna mpaka miguu ya viti."

"Siwezi kuapa kilinunuliwa kwa ajili ya nani," alisema Desmond. "Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya Machi hiyo..."

"Lo, mwanamume huyu! Mama alikuwa na tumbo kubwa hivi! Sema ni cha Gwenda, tule."

"Nadhani ni cha Gwenda," alisema Desmond.

Gwenda aliichukua barua, akaisoma tarehe mwenyewe, kidole juu ya kila neno.

"Walikuwa wananisubiri," alisema.

Kisha akakitwaa kijiko, akakichovya kwenye pudini.

"We! Hicho ni cha kuweka kabatini!"

"Ni cha kulia," alisema Gwenda, mdomo umejaa. "Nimekichelewa miaka sabini."

Akachota tena, safari hii akakipeleka mdomoni mwa dada yake. Marlene alimtazama kwa ukali, halafu akafungua mdomo.